Mgeni Asiyetazamwa

Siku Eliud alipomleta Mzungu nyumbani, Marita alikuwa na udongo hadi viwikoni na hakuwa na nafasi ya kushangaa. Chungu kikifika shingoni hakiachwi. Ukikiacha mdomo unapinda, na chungu cha mdomo uliopinda hakinunuliwi hata na mlevi. Alimaliza shingo, akakisogeza chungu kivulini, ndipo akainua macho.

"Umekonda," alimwambia mwanawe. "Na huyu naye amekonda. Huko Dar es Salaam hamli?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Ni nani?"

"Anaitwa Lenadi. Mchoraji. Tunafanya kazi pamoja."

Mzungu akainama kama alivyofundishwa njiani, akasalimu kwa Kinyakyusa, "Ugonile, Mama." Wanawake waliokuwa wakifinyanga pamoja na Marita wakaangua kicheko. Tusekile, jirani yake, ambaye ulimi wake haukuwa na mlango, akasema, "Mama Eliud, Mzungu wako anaongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni!"

"Mpe maji, acha maneno," Marita akasema.

Ilikuwa Agosti, mwaka 1956. Wakati huo wa kiangazi vyungu hukauka vizuri, na kijiji kizima cha pale ufukweni, mashariki ya Itungi, hunuka moshi wa nyasi na samaki wa kubanikwa. Wazungu waliokuwa wakipita huku walikuwa wa aina tatu: wa dini, wa kodi na wa kuwinda viboko. Wote hao walilala misheni, au kwenye nyumba ya wageni ya Serikali. Huyu alikuja juu ya lori la mpunga akiwa na sanduku la rangi, akaketi mkekani, akauliza kwa Kiswahili cha Dar kama anaweza kulala hapo hapo, wiki tatu, mpaka vyungu vichomwe. Alitaka kuona kazi ya udongo kutoka shimoni hadi motoni. Eliud naye alitaka kufinyanga sanamu kubwa za kupeleka kwenye maonyesho mjini, na udongo wa Dar, alisema, haukuwa na maana.

Kufinyanga ni kazi ya wanawake. Mwanamume wa ufukweni huvua, hupakia vyungu kwenye mtumbwi, huviuza Mwaya na Itungi, lakini vidole vyake havigusi udongo mbichi. Eliud aligusa tangu akiwa na miaka minne. Marita alimkataza, akamchapa, mwisho akachoka, akaona kwamba mtoto ana mkono mzuri kuliko binti yeyote wa pale. Akamfundisha. Alikuwa mtu wa namna hiyo: kitu kisichozuilika, bora kifanywe vizuri.

Ambilikile, mumewe, alimpenda mgeni tangu jioni ya kwanza. Alikuwa Mnyakyusa wa Makwale, mtu wa ng'ombe na migomba, aliyemfuata mke ufukweni na kuchekwa kwa hilo maisha yake yote. Ujanani alikuwa mpagazi katika vita vya Wajerumani na Waingereza, na Kiswahili chake kilikuwa kile alichokiokota njiani pamoja na funza wa miguuni. Sasa alipata mtu wa kukimwagia. Alimtembeza Lenadi kwa ng'ombe wake kumi na wanne, mmoja mmoja kwa jina. Alimwonyesha kovu la mguu. Alikaa kigodani saa nzima, kidevu juu, huku Lenadi akimchora kwa makaa, na karatasi ilipogeuzwa akaitazama na kusema, "Huyu mzee ana hasira. Anamdai nani?" Wakacheka mpaka Lenadi akaangusha kopo la maji.

Siku ya sita Marita aliona.

Hakuchungulia dirishani, wala hakuna aliyemwambia. Lenadi alitoka nyuma ya banda la vyungu, akaja kuchukua chai, akainama, na kwenye shingo yake nyekundu palikuwa na alama ya mkono wa udongo uliokwisha kukauka. Vidole vinne upande huu, dole gumba upande ule, na dole gumba lile halikuwa na ncha. Eliud alikatwa ncha ya dole gumba na panga akiwa na miaka tisa. Marita mwenyewe ndiye aliyemfunga kitambaa. Kila chungu alichokifinyanga mwanawe kilikuwa na alama hiyo ndani ya shingo, mahali mkono unaposhika ili kitu kisianguke.

"Nenda kaoge," alimwambia Lenadi. "Una udongo shingoni."

Kisha akachukua vikapu viwili, akamwita Eliud waende shimoni kuchimba.

Walijaza kikapu cha kwanza. Marita akanyoosha mgongo.

"Toka lini?"

"Toka lini nini, Mama?"

"Usinichezee. Mimi nasoma vidole kama mchungaji anavyosoma Biblia. Toka lini?"

Eliud alitazama jembe. "Mwaka wa tatu huu."

Marita alingoja moyo wake ufanye kitu, ulie au upasuke, lakini ulikaa tu kama jiwe. Akaketi ukingoni mwa shimo.

Eliud akasema yote, maana alikuwa amechoka kutosema. Mjini walikuwa watu watano wa kuchora na kuchonga, wakipanga chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, Kariakoo. Mhindi mmoja mwandika vibao, Wazaramo wawili, yeye, na Lenadi aliyekuwa akifundisha kuchora kwenye shule ya watoto wa Kizungu. Mle chumbani mtu alikuwa mtu. Mlangoni ndipo palipokuwa na shida.

"Tukipita Oyster Bay, mimi hubeba kapu lake, nionekane boi wake. Akija kwetu Kariakoo, hujifanya anatafuta mpishi. Miaka mitatu, Mama, hatujatembea njia moja bila kapu."

"Na wakijua?"

"Yeye watampandisha meli, arudi kwao. Mimi watanifunga."

"Kosa moja, adhabu mbili."

"Ndiyo hivyo."

"Basi kwa nini umemleta hapa, pumbavu wewe?"

"Kuna inspekta ameanza kuuliza majina pale dukani. Tukaona tuondoke kidogo." Akasita. "Na nilitaka akuone wewe. Nilitaka akae na mimi mahali wiki tatu, bila kapu."

Marita hakuelewa, na alichoelewa hakukipenda. Hakuwa mtu wa kujidanganya. Lakini hatari aliielewa vizuri kabisa, kama anavyoelewa mtu aliyekaa na mamba jirani. Akasimama, akajitwika udongo.

"Sikiliza basi. Mgeni alale chumba cha mbele, wewe ulale kwa vyungu. Msikae mkeka mmoja mbele za watu. Mikono yako iwe na maji kabla haijagusa chochote. Tukichoma vyungu tu, mnaondoka, mkatafute nchi yenye akili, kama ipo. Na baba yako asijue."

"Asante, Mama."

"Usinishukuru. Beba kikapu."

Lakini Ambilikile alikuwa na mipango yake. Siku ya tisa, mchana, alikuja jikoni akiwa amefurahi, akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Jumatatu naenda kwa Yakobo. Ng'ombe sita nimeshawatenga. Felista wake amekuwa binti mzuri, anajua kulima, anajua kunyamaza. Eliud yuko hapa, tusingoje arudi mjini apotee tena."

Marita alikuwa akichambua mchele. Aliendelea kuuchambua. Angeweza kusema ngoja, kijana amechoka. Angeweza kusema mwakani. Lakini alimjua Ambilikile. Jambo la ng'ombe likishaingia kichwani mwake halitoki mpaka ng'ombe watembee. Alimfikiria Felista pia, mtoto wa watu, akiingizwa kwenye nyumba ambayo nafasi yake imeshakaliwa, azeeke akijiuliza ana kasoro gani. Huo ni wizi. Na ulimi wa Marita, ambao maisha yake yote ulikwenda mbele yake, ukaenda.

"Usiende kwa Yakobo. Eliud ana mtu."

"Mwanamke wa Dar?" Uso ukaanguka kidogo. "Kabila gani?"

"Si mwanamke."

Ambilikile alimtazama.

"Mtu wenyewe unamjua," Marita akasema. "Anakula wali wako. Ukimdhuru mwanangu, mimi na wewe tumeachana leo hii."

Kuku akaingia, akadonoa mchele, na hakuna aliyemfukuza. Mzee alitazama mikono yake, kisha mlango, kisha mikono tena. Alipouliza, aliuliza kama anayeuliza habari za mifugo.

"Wanacheza, au ni kweli?"

"Miaka mitatu."

"Miaka mitatu si mchezo," akasema. Akainuka, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake, na hakurudi mpaka wakati wa kula. Hakula. Marita alificha panga chini ya kitanda, akaona aibu, akalirudisha mahali pake.

Asubuhi yake Lenadi alitoka nje, akamwona mzee akija kwenye njia ya migombani, akainua mkono kama kila siku. "Ugonile, Baba!"

Ambilikile akasimama. Akavuta nguo yake ya begani, akajifunika kichwa na uso wote, akaiacha njia, akaingia kati ya migomba, akasimama huko akiwa amempa mgeni mgongo mpaka alipopita.

Marita alikuwa mlangoni na kata ya maji. Maji yakamwagika miguuni.

Huku kwetu mtoto yeyote angejua alichokiona. Mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Hawali pamoja, hawapiti njia moja. Wakikutana, mmoja hujifunika na kuingia porini, na hiyo si chuki. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na anayeivunja huleta ugonjwa nyumbani. Mzee alikuwa amekesha akitafuta njia ya kulibeba jambo lile, na katika kila alichokijua duniani alipata moja tu. Kama huyu ndiye mtu wa mwanangu, basi huyu ni mkwe wangu, na mkwe simtazami.

Marita alimfuata migombani.

"Unafanya nini?"

"Ninachotakiwa kufanya."

"Watu watakuona!"

"Waone. Kwani nimemtukana?"

"Baba Eliud, nisikilize. Wakijua, Eliud anafungwa. Kuna sheria."

"Sheria ya kumfunga mtu kwa kuwa na mwenzake?" Alimtazama kama mtu anayesimuliwa hadithi ya sungura. "Serikali ina kazi nyingi, Marita. Ina barabara, ina kodi. Na hata kama ipo, nifanyeje? Nimtazame usoni? Nile naye sahani moja? Hapo ndipo ningekuwa nimemwambia mwanangu kwamba mtu wake si kitu, ni hawara wa njiani. Niombe niue ng'ombe wote, nitaua. Hilo siwezi."

Alijaribu, hata hivyo, kwa sababu Marita alimlilia, na Marita hakuwa na desturi ya kulia. Mchana ule akakubali kukaa kigodani, mgeni akaitwa. Marita aliona mkono wa mumewe ukiwa juu ya goti, umekunjwa ngumi. Lenadi akatokea pembeni ya nyumba. Nguo ikapanda kichwani yenyewe. Mzee hakuivuta, ndivyo Marita alivyoona. Ilipanda kama kope zinavyofumba mtu akitupiwa mchanga.

Lenadi hakujua kitu. Eliud alimweleza, lakini alieleza nusu, kwa sababu alikuwa akilia na kucheka kwa wakati mmoja. "Amekukubali," alisema. "Ee Mungu wangu, amekukubali, na atatuua." Lenadi alisikia la kukubaliwa, akaona mtu anayemkimbia, akaamini kwamba anafarijiwa tu. Mtu wa kwao akikosea huomba radhi uso kwa uso. Akaamua kuomba radhi.

Akachagua Jumapili, baada ya ibada, watu wote wakiwa nje ya kanisa.

"Baba," akasema, akimwendea Ambilikile kwa mikono miwili iliyonyooshwa. "Kama nimekukosea, nisamehe."

Mzee akajifunika, akageuka. Lenadi akazunguka upande wa pili. Mzee akageuka tena. Lenadi akamfuata. Mzee akaanza kutembea haraka, kisha akaanza kukimbia, mtu wa miaka sitini na mguu wenye kovu, kuzunguka kanisa, nguo kichwani, akijigonga kwenye baiskeli ya mchungaji, na Mzungu mrefu nyuma yake akiita, "Baba! Tafadhali, Baba!"

Mwanzoni watu walicheka. Tusekile alicheka mpaka akakaa chini. "Mwe! Bibi harusi anamfukuza mkwewe!" akapiga kelele, kwa mzaha tu, kwa sababu ndivyo ilivyofanana.

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikapungua, kikakatika. Marita alisikia kikikatika. Watu walimtazama mzee, wakamtazama Mzungu, wakamtazama Eliud aliyekuwa amesimama mlangoni mwa kanisa na mkono mdomoni. Hakuna mtu anayefanya mzaha na jambo la mkwe. Ambilikile hakuwa akifanya mzaha.

Tusekile akainuka, akajipangusa mavumbi, akamjia Marita. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mama Eliud," akasema polepole, "sikujua."

"Hata sasa hujui," Marita akasema. "Twende nyumbani."

Nani alipeleka habari Tukuyu, bomani, haikujulikana. Marita alimshuku Ezekia, mzee wa kanisa, kwa sababu alikuwa na kalamu. Vyovyote vile, Alhamisi ikaja habari kutoka Itungi kwamba Bwana Shauri, ofisa wa Serikali wa wilaya, atakuja kesho yake kuulizia mambo ya Mzungu. Eliud na Lenadi walitaka kuondoka saa ile ile. Marita akakataa. Barabara ilikuwa moja, na wangekutana naye njiani kama wezi. Mtu asiye na kosa hukaa kwake akinywa chai. Akamwendea mumewe.

"Nenda Makwale kwa ndugu yako. Kamwangalie ng'ombe uliyemwacha kule. Lala huko, rudi Jumamosi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimekuomba."

Akaenda. Marita akapumua. Hilo, alifikiri, nimelifanya vizuri.

Bwana Shauri alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, Kiswahili chake safi cha kitabuni. Alikuja na Landrova na askari mmoja. Aliwekewa kiti chini ya banda la vyungu. Watu arobaini hivi walikuja kusikiliza, na hakuwafukuza. Lenadi alisimama upande mmoja, Eliud upande wa pili, mbali, kama walivyoagizwa. Vyungu vya wiki mbili vilikuwa vimepangwa kati yao, vikavu, vikingoja moto.

"Mama," Bwana Shauri akasema, "nimesikia maneno mabaya. Mimi sipendi maneno haya yawe kweli. Unanielewa? Yakiwa kweli, nina kazi kubwa, na watu wengi watapata aibu, hata Dar es Salaam. Nataka kuandika kwamba si kweli, halafu nirudi nikale. Basi niambie. Kwa nini mume wako anamkimbia mgeni wake?"

Marita alikuwa na jibu tangu Jumapili.

"Macho, Bwana. Mume wangu anaumwa macho. Jua likimpiga mgeni, ule weupe unamchoma. Anajifunika."

Kitu kama shukrani kikapita usoni pa Bwana Shauri. "Macho," akasema, akaandika. Akawageukia watu. "Kweli mzee ana ugonjwa wa macho?"

Watu walitazamana. Kisha Ezekia, yule yule wa kalamu, akakohoa. "Ni kweli, Bwana. Macho ya Ambilikile ni mabaya sana. Hata kitabu cha nyimbo hukishika juu chini."

"Juzi alinisalimia mimi akidhani ni mbuzi wake," Tusekile akadakia.

Watu wakacheka, kicheko cha ahueni, na wengine wakaongeza: amegonga baiskeli ya mchungaji, amegonga mnazi. Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya macho ya Ambilikile. Marita hakuwahi kuwapenda watu wa kijiji kile kama alivyowapenda dakika ile. Bwana Shauri alifunga daftari, akainuka, akamwambia Lenadi kwa Kiingereza maneno machache makali, bila shaka ya kumtaka aondoke wiki ile. Lenadi akaitikia kwa kichwa.

Ndipo Ambilikile akatokea kwenye njia ya migombani, akikimbia, jasho limemlowanisha, fimbo mkononi.

Alikuwa amefika nusu ya njia kutoka Makwale. Hakutaka kulala huko usiku wa pili, ng'ombe alikuwa mzima. Na njiani alikutana na watu wa Itungi wakamwambia, Mzungu wa Serikali yuko kwako, amekuja kwa sababu umemdharau Mzungu mwenzake. Alikimbia kuja kulisafisha jina la nyumba yake.

Akamwona Lenadi, akajifunika palepale, akasimama akihema, akaanza kuongea kutoka ndani ya nguo.

"Bwana, shikamoo. Nimeambiwa njiani. Si kweli."

"Najua, mzee," Bwana Shauri akasema haraka. "Nimeshaelezwa. Kapumzike."

"Umeelezwa nini?"

"Kwamba unaumwa macho."

"Macho gani?"

"Baba Eliud," Marita akasema kwa Kinyakyusa, "nyamaza. Nakuomba kwa Mungu, nyamaza."

"Siwezi kunyamaza, jina la mwanangu linachafuliwa." Akarudi kwenye Kiswahili chake cha upagazi, akikitafuta neno kwa neno, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi. "Bwana, macho yangu yanaona ng'ombe ng'ambo ya mto. Mke wangu anaogopa, ndiyo maana anasema uongo. Mimi sikumdharau huyu. Mimi namheshimu kuliko mtu yeyote hapa. Huyu ni mtu wa mwanangu. Mtu wa mwanangu simtazami usoni. Ndiyo adabu yetu. Waulize hawa."

Watu walitazama chini. Askari, kijana wa Rungwe mwenye masikio yake mazima, alitazama buti zake.

Bwana Shauri alikuwa amekwisha kupiga hatua kuelekea gari. Alisimama. Ilionekana wazi kwamba angetoa mshahara wa mwaka mzima asiwe amesikia.

"Mzee," akasema, "Kiswahili ni lugha ngumu. Sema tena, taratibu. Unataka kusema huyu ni rafiki wa kazi wa mwana wako. Sivyo?"

Marita aliuona mlango ule ukifunguliwa. Aliuona wazi kama mchana. Alitaka kumrukia mumewe, amzibe mdomo na nguo ile ile.

Ambilikile alifikiri. Alikuwa mtu mwangalifu, na alitaka Serikali imwelewe vizuri, isiondoke na picha mbaya ya nyumba yake.

"Rafiki wa kazi namtazama," akasema. "Huyu ni mkwe."

Walipomchukua Eliud, Marita hakupiga ukelele. Aliuliza maswali. Anapelekwa Tukuyu au Mbeya? Chakula kinapokelewa siku gani? Ataruhusiwa blanketi? Bwana Shauri alijibu kila swali kwa adabu, na kwa mengi alijibu kwamba hajui. Lenadi alifungua mlango wa nyuma wa Landrova akataka kuingia na Eliud. Askari akamzuia, akamwonyesha kiti cha mbele.

"Nitakaa nyuma," Lenadi akasema.

"Mbele, Bwana," askari akasema. "Nyuma ni kwa mahabusu."

"Basi na mimi ni mahabusu."

"Wewe bado," Bwana Shauri akasema kwa Kiswahili, bila kumtazama, akawasha gari.

Eliud aliketi sakafuni nyuma, magoti kifuani. Alimtazama mama yake, akainua mkono ule wenye dole gumba fupi, akaushusha. Hakukuwa na hasira usoni pake, na Marita alitamani ingekuwepo, apate mahali pa kushika. Gari likaenda. Watu wakatawanyika kimyakimya kama wanaotoka kuzika, isipokuwa Tusekile, aliyeketi chini ya banda, akachukua kokoto laini, akaanza kusugua chungu ambacho kilikuwa kimeshasuguliwa.

Ambilikile alishusha nguo kutoka usoni. Alikuwa bado na jasho. Alitazama vumbi barabarani, akamtazama mkewe.

"Wamempeleka wapi?"

"Tukuyu."

"Kwa nini? Si nimemweleza?"

"Umemweleza."

"Alikuwa amekasirika nilipofika. Nilipomweleza hakukasirika tena, niliisikia sauti yake. Ilikuwa ya huzuni." Akasogea karibu. "Marita. Wewe unajua Kiswahili kuliko mimi. Kuna neno nililokosea?"

Marita alifungua kinywa. Tangu utoto wake watu walimwogopa kwa sababu ya kile ambacho kingetoka humo. Alikuwa amemwambia chifu kwamba ananuka pombe, na mchungaji kwamba hajui kuhubiri. Siku ile jikoni, na mchele kwenye ungo, alikuwa amesema maneno matatu ambayo angeweza kuyameza.

"Hapana," akasema. "Umesema vizuri."

"Basi watamrudisha."

Marita aliingia ndani kutafuta blanketi.